UZI: Uwekezaji Tanzania karibu 40% ya Pato la Taifa, Kenya chini ya 20%. Tunalinganishaje bila kudanganyana?

#1 Darubini (mtoa mada)

Wadau wa uchumi, naomba hii tuichambue kwa hesabu, tuache ushabiki wa nani yuko juu ya nani.

Ukifungua kanzidata ya Benki ya Dunia ukatazama ukuzaji wa rasilimali za kudumu, yaani majengo, barabara, mitambo, magari ya kazi na vinginevyo vinavyotumika kuzalisha kwa zaidi ya mwaka mmoja, utakuta Tanzania kwa miaka ya karibuni inacheza kwenye asilimia 40 hivi ya Pato la Taifa. Kenya iko chini kidogo ya 20. Mara mbili nzima.

Sasa geukia ukuaji. Mwaka 2022 Tanzania ilikua kwa asilimia 4.7, Kenya 4.9. Mwaka 2023 Tanzania 5.1, Kenya kama 5.6. Anayewekeza nusu anakwenda sambamba na anayewekeza mara mbili, na wakati mwingine anampita.

Hapo kuna mambo matatu tu yanayowezekana: Tanzania inatumia fedha nyingi kupata matunda madogo, au Kenya ina ufanisi mkubwa mno, au namba hizi mbili hazipimi kitu kimoja. Nataka tujue ni lipi, na kwa kiasi gani. Kama mtu anataka kuchora mstari wa nchi hizi mbili kuanzia 1990 mpaka leo, aanzie wapi na asikanyage wapi?

#2 Jedwali

Mkuu Darubini, kwanza tukubaliane kipimo, maana watu hukorogana hapo.

Kwenye kanzidata hiyo kuna misimbo inayofanana sana. NE.GDI.FTOT.ZS ni rasilimali za kudumu peke yake. NE.GDI.TOTL.ZS ni hiyo pamoja na mabadiliko ya bidhaa zilizo ghalani: mahindi ya akiba, mafuta kwenye matangi, bidhaa za viwandani ambazo hazijauzwa. Tumia ya kwanza. Sababu ni kwamba mstari wa bidhaa za ghalani kwenye nchi zetu hukadiriwa kwa data chache, unaruka juu na chini bila maana, na wakati mwingine ndipo wanapotupia tofauti isiyoelezeka. Ukitumia jumla, mwaka mmoja wa mavuno mazuri utauona kama mwaka wa uwekezaji.

Ya tatu ni NE.GDI.FPRV.ZS, uwekezaji wa sekta binafsi. Hiyo iogope. Mipaka ya sekta binafsi na ya umma si ileile kila nchi. Reli ya kisasa ya Kenya ilikopewa na Hazina, kisha fedha zikapitishwa kwa Shirika la Reli. Bwawa la umeme la Julius Nyerere limejengwa kwa fedha za bajeti lakini mwenye mtambo ni TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Mashirika ya umma ukiyaweka upande mmoja kwa Tanzania na upande mwingine kwa Kenya, mgawanyo wote umepotea.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa: uwiano pigia kwa bei za mwaka husika, ukuaji pigia kwa bei za mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia miaka mingine. Usichukue uwekezaji kwa bei za 2015 ukagawa kwa pato kwa bei za 2015, ukaita huo uwiano wa 1995. Bei za mitambo na bei za huduma hazipandi kwa mwendo mmoja, kwa hiyo uwiano wa namna hiyo unapinda kadiri unavyotoka mbali na mwaka wa kizio.

#3 Hoja Motomoto

Mbona mnazunguka? Chukueni uwekezaji kutoka nje na thamani ya miradi iliyosajiliwa kwenye kituo cha uwekezaji. Hapo mshindi anaonekana mara moja.

#4 Jedwali

Ndugu Hoja, hizo mbili pamoja na kipimo chetu ni namba tatu tofauti kabisa.

Thamani ya miradi iliyosajiliwa ni nia. Mwekezaji anaandika kwenye fomu kwamba ataleta dola milioni 50 ili apate cheti na unafuu wa kodi. Akileta 8, cheti hakibadiliki. Takwimu hizo hazifai kwa kulinganisha nchi, na hata ndani ya nchi moja zinaruka mwaka ambao sheria ya motisha imebadilika.

Uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje ni namna ya kugharamia. Mgeni akinunua hisa za kiwanda kilichopo tangu zamani, fedha zimeingia nchini na zimehesabiwa, lakini hakuna hata tofali moja jipya lililoongezeka. Kinyume chake, mfanyabiashara wa hapahapa akijenga ghala kwa faida yake mwenyewe, ghala lipo kwenye ukuzaji wa rasilimali lakini halipo kwenye mtaji wa nje. Zaidi ya hapo, kwa nchi zetu mtaji huo ni pointi chache tu za Pato la Taifa, kwa hiyo hauwezi kuwa maelezo ya pengo la pointi 20.

#5 Mizani KE

Kutoka upande wa Kenya naomba niongeze kipimo cha kwanza ambacho kila mtu angefanya kabla ya kubishana: akiba.

Kanuni ni hii: uwekezaji ukitoa akiba ya taifa ni sawa na nakisi ya urari wa malipo ya kawaida, yaani kiasi ambacho malipo ya nchi kwenda nje yanazidi mapato yake kutoka nje. Haina siasa, ni utambulisho wa hesabu. Tuchukue nakisi ya asilimia 4 kwa nchi zote mbili, ili tuone ukubwa tu. Tanzania: 40 kutoa 4, akiba ya taifa inatakiwa kuwa 36. Kenya: 19 kutoa 4, akiba 15.

Asilimia 36 ni akiba ya kiwango cha nchi za Asia Mashariki wakati zinapaa. Sasa jiulize nani anaiweka. Serikali haiwezi, kwa kuwa bajeti yenyewe ina nakisi. Benki? Mikopo kwa sekta binafsi ukilinganisha na Pato la Taifa, Kenya ni karibu mara mbili ya Tanzania. Kwa hiyo uwekezaji mwingi zaidi unafanyika mahali ambapo mikopo ni michache zaidi.

Upande wetu nao hauna raha. Ile 15 inajumuisha fedha za ndugu walio ughaibuni, ambazo mwaka 2022 na 2023 zilikuwa kama dola bilioni 4 kwa mwaka, karibu asilimia 4 ya pato. Ukiziondoa, akiba inayotoka ndani ya Kenya ni ndogo mno. Hiyo inaweza kumaanisha kwamba matumizi ya kaya Kenya yamekadiriwa juu, au uwekezaji umekadiriwa chini.

Tahadhari moja: akiba hii kwa kawaida haipimwi peke yake, hupatikana kwa kujumlisha uwekezaji na urari. Ndiyo sababu haithibitishi kwamba 40 ni kosa. Inakuonyesha tu wapi pa kuuliza.

#6 Fundi Namba

Mizani, swali la nani anaweka akiba lina jibu moja la kweli ambalo halipiti benki: nyumba za kujengwa kidogokidogo.

Kaya inanunua tofali 300 mwezi huu, mifuko 10 ya saruji miezi mitatu baadaye, msingi unakaa mwaka mzima, kuta zinapanda, mabati yanasubiri msimu wa mauzo. Kila hatua hapo ni uwekezaji kwenye hesabu za taifa, na kila shilingi ni akiba ya kaya, ingawa haikuwahi kuingia kwenye akaunti. Kwa hiyo mikopo midogo na ujenzi mwingi vinaweza kukaa nyumba moja bila ugomvi. Hii haijazi pengo lote, lakini mtu asiseme 36 haiwezekani kwa sababu tu haioni kwenye vitabu vya benki.

#7 Kizio

Mnaingia kwenye 2022 wakati mtoa mada ameuliza kuanzia 1990. Hapo katikati kuna mitaro na lazima tuitaje kwa tarehe.

Septemba 2014 Kenya ilibadili mwaka wa kizio kutoka 2001 kwenda 2009, na Pato la Taifa la 2013 likaongezeka kwa asilimia 25.3 kwa siku moja. Desemba 2014 Tanzania ikahama kutoka 2001 kwenda 2007, pato la 2007 likaongezeka kwa asilimia 27.8. Februari 2019 Tanzania ikahamia 2015, ongezeko dogo tu, 3.8. Mwaka 2021 Kenya ikahamia 2016.

Kwa nini hili linagusa uwiano wa uwekezaji? Kwa sababu kinachoongezeka ni pato lote, na uwekezaji hauongezeki kwa kiwango kilekile. Chukua mfano wa kubuni. Uwekezaji 24, pato 100, uwiano 24%. Wanagundua huduma, biashara ndogo na simu ambazo hazikuhesabiwa, pato linakuwa 125. Uwekezaji ukibaki 24, uwiano unashuka mpaka 19.2%. Hakuna mradi uliosimama wala kiwanda kilichofungwa. Lakini ukiunganisha mstari wa zamani na mpya kwenye grafu, msomaji anaona uwekezaji umeporomoka mwaka ule, na mwandishi wa makala anatafuta sababu ya kisiasa.

Namna ya kuunganisha: usiunganishe uwiano. Unganisha viwango, kila kimoja peke yake, kisha ndipo ugawanye. Tuseme mfululizo wa zamani unasema pato lilikuwa 100 mwaka 2008 na 110 mwaka 2009. Mfululizo mpya unaanza 2009 kwa 132. Ukuaji wa zamani ni 1.10, kwa hiyo 2008 mpya ni 132 kugawanya kwa 1.10, yaani 120. Fanya vivyo hivyo kwa uwekezaji: kama zamani 2009 ulikuwa 22 na sasa ni 24, rudisha nyuma kwa ukuaji wake wenyewe. Uwiano wa 2009 utakuwa 24 kwa 132, asilimia 18.2, wala si 20 ya zamani.

Shida ya njia hii ni kwamba inabeba marekebisho yote ya asilimia 20 mpaka 1990, kana kwamba kilichosahaulika 2009 kilikuwepo 1990 kwa ukubwa uleule. Si kweli. Simu za mkononi, kwa mfano, mwaka 1990 hazikuwepo. Bora usambaze: kama kizio cha zamani ni 2001 na kipya ni 2009, chukulia mwaka 2001 mfululizo wa zamani ulikuwa sahihi, kisha kosa likakua polepole. Asilimia 20 kwa miaka 8 ni kama 2.3 kwa mwaka kwa kuzidisha. Mwaka 2002 zidisha kwa 1.023, mwaka 2003 kwa 1.023 × 1.023, na kuendelea mpaka ufike 1.20 mwaka 2009. Kabla ya 2001 acha kama ilivyo.

Na ukimaliza, jumla ya vipengele haitalingana na pato. Usiilazimishe. Andika tofauti pembeni.

#8 Hoja Motomoto

Nimeelewa hapo kwa Kizio. Lakini Tanzania kuna bwawa, kuna SGR (reli ya kisasa), kuna viwanja vya ndege na madaraja. Si hiyo ndiyo 40?

#9 Fundi Namba

Tupige hesabu, maana hili watu wengi hulisema bila kugawanya.

Bwawa la Julius Nyerere, mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018 kwa kama shilingi trilioni 6.5. Tuseme zimelipwa kwa miaka mitano: trilioni 1.3 kwa mwaka. Pato la Taifa mwaka 2020 lilikuwa karibu trilioni 150. Trilioni 1.3 kwa 150 ni asilimia 0.87. Mradi mkubwa kuliko yote ya umeme nchini haufikishi pointi moja kwa mwaka.

Weka SGR ya Dar es Salaam hadi Mwanza, kilomita 1,219, tena ipe mara mbili ya malipo ya bwawa kila mwaka. Jumla ya miradi yote miwili bado ni kama pointi 2.6.

Kwa Kenya: reli ya Mombasa hadi Nairobi, shilingi za Kenya bilioni 327, ujenzi wa kama miaka miwili na nusu mpaka ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Ni bilioni 131 kwa mwaka, na pato la wakati ule lilikuwa kati ya trilioni 6 na 7. Karibu asilimia 2.

Kwa hiyo miradi mikubwa inaeleza kupanda na kushuka kwa pointi mbili tatu ndani ya nchi. Haielezi pengo la pointi 20 kati ya nchi.

#10 Jedwali

Sasa tumefika mahali pazuri. Kama si miradi mikubwa, pengo liko wapi? Nadhani liko kwenye ujenzi, na unaweza kuliona upande wa pili wa hesabu.

Tanzania, sekta ya ujenzi ni kama asilimia 14 ya Pato la Taifa, ya pili baada ya kilimo. Kenya ni karibu nusu ya hapo. Hiyo ni thamani iliyoongezwa tu: mishahara, faida, na kadhalika. Thamani nzima ya jengo ina saruji, nondo, mabati na mafuta ya mitambo ndani yake. Tuchukulie thamani iliyoongezwa ni nusu ya thamani nzima. Tanzania: 14 kugawanya kwa nusu ni 28 ya pato. Kenya: 7 kwa nusu ni 14. Tofauti ni pointi 14, na pengo letu lote lilikuwa kama 20. Zaidi ya theluthi mbili ya pengo iko kwenye ujenzi peke yake. Kinachobaki ni mitambo na vyombo vya usafiri.

Toa kidogo kwa matengenezo, maana kupaka rangi na kuziba mashimo si uwekezaji, ni matumizi. Sura haibadiliki.

Maana yake ni kwamba ile 40 haijaangukia kwenye jedwali kwa bahati mbaya. Imefungwa na hesabu za uzalishaji. Ukitaka kuipinga, lazima upinge makadirio ya ujenzi wa Tanzania, au useme Kenya inahesabu ujenzi wake pungufu.

#11 Mizani KE

Dada Jedwali, hilo la ujenzi ndilo kiini. Na ujenzi nchi zetu hukadiriwa vipi? Njia ya kawaida ni kufuata vifaa. Wanachukua saruji na vyuma vilivyozalishwa ndani, wanaongeza vilivyoagizwa, wanatoa vilivyouzwa nje, wanaongeza gharama za usafiri na faida ya muuzaji, halafu wanazidisha kwa kigezo kinachosema kila shilingi ya vifaa inazaa shilingi ngapi za jengo. Kigezo hicho hutoka kwenye utafiti wa mwaka wa kizio, na kinakaa palepale mpaka kizio kibadilike. Nchi moja ikitumia kigezo cha 2.0 na nyingine 1.5 kwa saruji ileile, tayari una tofauti ya theluthi moja bila mtu kumwaga zege.

Basi jaribu saruji kwa tani, maana tani haina kizio. Viwanda vya Kenya huzalisha zaidi kidogo ya vya Tanzania, na pato la Kenya kwa dola ni kubwa kuliko la Tanzania kwa zaidi ya robo. Ukigawanya tani kwa pato, Tanzania inakuwa juu, lakini haikaribii mara mbili. Kwa hiyo naona sehemu ya pengo ni ujenzi wa kweli, na sehemu ni kigezo na bei. Ningekuwa mwandishi nisingethubutu kuandika "mara mbili" bila mstari wa maelezo chini yake.

Saruji nayo ina udhaifu wake: barabara za lami hutumia lami na kokoto, reli hutumia vyuma vya kuagiza, nyumba za matofali ya kuchoma hutumia saruji kidogo. Ilinganishe na mabati na nondo pia.

#12 Kizio

Ongeza bei, ndugu Mizani. Mtambo wa kuagiza una bei ileile bandarini Mombasa na Dar es Salaam, lakini kinyozi, mwalimu na fundi ni rahisi zaidi kwenye nchi yenye kipato kidogo. Kwa hiyo katika nchi maskini zaidi, mtambo uleule unachukua sehemu kubwa zaidi ya pato kwa bei za ndani. Ukitaka kuondoa hilo, tumia Penn World Table, kanzidata ya kulinganisha nchi, safu ya csh_i, ambayo inapima uwekezaji kwa bei zinazolingana kati ya nchi. Linganisha sura ya mstari, usitarajie namba ifanane na ya Benki ya Dunia.

Na jiepushe na dola za soko. Shilingi ya Kenya ilianza 2023 kwenye kama 123 kwa dola, ikamaliza mwaka kwenye 156 hivi, na miezi michache baadaye ikarudi kwenye 130. Uwekezaji wa Kenya kwa dola "ulianguka" na "kufufuka" bila kitu kubadilika kwenye maeneo ya ujenzi. Tanzania ya kabla ya 1986 ndiyo mbaya zaidi: kiwango rasmi cha fedha kilikuwa mbali na cha mtaani, kwa hiyo mtambo ulioagizwa kwa kiwango rasmi ulionekana wa bei ndogo kuliko gharama yake halisi kwa taifa.

#13 Darubini (mtoa mada)

Nashukuru sana, uzi umekuwa darasa. Sasa ile hoja ya ufanisi: 40 kugawanya kwa ukuaji wa 5 ni 8, yaani Tanzania inahitaji shilingi 8 za uwekezaji kupata shilingi 1 ya pato jipya. Kenya 19 kwa 5.3 ni 3.6. Bado nitumie?

#14 Fundi Namba

Uitumie kwa masharti.

Kwanza, kamwe usiipige kwa mwaka mmoja. Kenya mwaka 2020 ilikua kwa hasi 0.3, kisha 2021 kwa 7.6. Kwa uwekezaji wa 20, mwaka wa kwanza unapata hasi 67, wa pili 2.6. Zote mbili hazina maana. Chukua wastani wa miaka isiyopungua mitano wa uwekezaji, gawa kwa wastani wa ukuaji.

Pili, sogeza ukuaji mbele. Fedha za bwawa zilianza kuhesabiwa 2019, lakini mashine ya kwanza imewasha umeme Februari 2024. Miaka yote ya katikati unaona uwekezaji juu na umeme haupo. SGR ya Tanzania ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, wakati ujenzi ulianza 2017. Ukigawa uwekezaji wa 2020 kwa ukuaji wa 2020, umemwadhibu mkulima kwa shamba ambalo bado halijatoa.

Kwa Kenya mfano bora ni mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana: mitambo 365, jumla megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka 2017, ikakaa bila kupeleka umeme kwa watumiaji kwa sababu njia ya kusafirisha umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijakamilika. Iliunganishwa Septemba 2018. Kwenye jedwali la uwekezaji mitambo ile imehesabiwa yote. Kwenye pato, kwa muda wote ule, karibu sifuri.

Tatu, kumbuka kichwa cha treni kilichoagizwa kinaongeza uwekezaji na kinaongeza uagizaji kwa kiasi kilekile. Mwaka kinapoingia, Pato la Taifa haliongezeki hata senti kwa sababu yake. Kinachoongeza pato mwaka ule ni kazi za ndani tu.

#15 Jedwali

Na kama 40 ni ya kweli na inadumu, kuna kipimo kimoja kitaisema wazi: limbikizo la mtaji. Kwa uchumi uliotulia, mtaji kwa pato ni uwiano wa uwekezaji ukigawa kwa ukuaji pamoja na uchakavu. Weka ukuaji 5 na uchakavu 5. Tanzania: 40 kwa 10, mtaji mara 4 ya pato. Kenya: 20 kwa 10, mara 2. Mtaji mara 4 ya pato ni wa nchi yenye barabara, umeme na viwanda vingi kuliko tunavyoviona. Kwa hiyo ama Tanzania iko njiani na bado haijafika, ama sehemu ya 40 haigeuki kuwa mtaji.

Uchakavu usiuweke mmoja kwa vyote. Majengo asilimia 2 hivi kwa mwaka, mitambo 10 na zaidi. Nchi iliyojaa ujenzi inapoteza kidogo kwa mwaka kuliko iliyojaa magari na kompyuta, na hilo peke yake linabadilisha jibu kwa nchi hizi mbili.

#16 Darubini (mtoa mada)

Swali la mwisho. Bajeti ya maendeleo naweza kuitumia kwa uwekezaji wa serikali? Na Zanzibar?

#17 Mizani KE

Bajeti ya nchi zote mbili inakwenda Julai hadi Juni, hesabu za taifa Januari hadi Desemba. Kugawa nusu kwa nusu ni makadirio mabovu kwa sababu malipo ya miradi hurundikana kuelekea Juni. Tumia taarifa za robo mwaka ukizipata. Halafu "maendeleo" ya bajeti ina semina, posho na dawa ndani yake, na upande wa kawaida una matengenezo makubwa ya barabara ambayo ni uwekezaji. Tumia fedha zilizotolewa, usitumie zilizoidhinishwa. Kwa Kenya, tangu 2013 ongeza kaunti zote 47, la sivyo utaona uwekezaji wa serikali unashuka mwaka ambao madaraka yaligatuliwa.

#18 Jedwali

Kuhusu Zanzibar: takwimu za Benki ya Dunia za pato la Tanzania zimekuwa za Bara. Soma maelezo ya chini kwanza, kisha usichanganye safu ya Bara na ya Muungano kwenye mstari mmoja.

Kwenye grafu yako weka picha mbili, moja ya kila nchi, kila moja na kipimo chake cha wima. Kata mstari kwa nafasi nyeupe kila kizio kinapobadilika: Tanzania 2007 na 2015, Kenya 2009 na 2016. Ndani ya kila kipande andika pointi zilizopanda au kushuka. Ile 40 na ile 19 ziweke kwenye jedwali, karibu na asilimia ya ujenzi kwenye pato la kila nchi, ili msomaji aone zinatoka wapi.

#19 Darubini (mtoa mada)

Nimepokea. Narudia kuanzia 1990 kwa vipande hivyo, na nitaweka faili hapa lenye safu ya tofauti isiyoelezeka bila kuifuta.